Tamasha la filamu la "ujumuishi" lililomzimia taa mkalimani

Nilisema nisubiri hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa, basi naandika hivihivi.

Lilikuwa tamasha la filamu za jamii, kiingilio bure, kwenye uwanja wa shule huko Temeke, kiangazi kilichopita. Jina lao nalihifadhi. Langoni bango kubwa: HAKUNA ANAYEACHWA NYUMA. Tangazo lao la WhatsApp liliahidi mkalimani wa lugha ya alama, nami nikambeba mdogo wangu, ambaye ni kiziwi, pamoja na rafiki zake.

Mkalimani alikuwepo, sikatai. Mgeni rasmi alipohutubia taa zote ziliwaka, tukaona kila kidole. Mfadhili akahutubia, taa zinawaka, kamera zinapiga. Filamu ilipoanza tu, pwaa! Giza. Kaka wa watu amesimama pembeni ya turubai anatafsiri kwa bidii zote na hakuna anayemwona. Lugha ya alama si mikono peke yake, jamani. Nyusi, mdomo, uso mzima ndio unaoonyesha kama mtu anauliza au anakanusha. Kumzimia taa mkalimani ni kumzimia msemaji maiki.

Utasema, si wangesoma maandishi ya chini? Yalikuwepo. Ya Kiingereza! Filamu ya Kiswahili, watu wa Temeke, maandishi ya Kiingereza. Mdogo wangu kasoma shule ya viziwi, gazeti la Kiswahili analimaliza hadi matangazo ya vifo. Hayo ya Kiingereza yaliwekwa kwa ajili ya wale wachache waliokalia viti vya mbele, vile vilivyovishwa vitambaa.

Sasa sikia. Mama mmoja muuza karanga, hatumjui hatujui, akawasha tochi ya simu akammulika mkalimani. Safu yetu nzima ikageuza shingo, vijana wakaanza kucheka pale watu wengine wanapocheka. Raha ile haikudumu. Akaja kijana wa kujitolea na fulana yake ya tamasha.

"Mama, zima hiyo, unaharibu picha."

"Na hawa wataona nini, mwanangu?"

"Si wanaona filamu? Wataelezwa baadaye."

Wataelezwa baadaye! Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010, na mtoto wa watu ananiambia wataelezwa baadaye. Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Tamasha la filamu la Nchi za Jahazi kule Zanzibar lilianza 1998 na lina wafadhili wake, sidai hawa wafanane nalo. Nadai taa moja. Hata ya kusomea.

Halafu kinachoniudhi zaidi ni kwamba filamu yenyewe ilikuwa nzuri. Ya binti anayerudi darasani baada ya kujifungua, jambo ambalo serikali iliruhusu mwaka 2021 lakini mtaani kwake bado wanamnong'ona. Nililia, na mimi si mtu wa kulia ovyo. Kibanda umiza cha mtaani kwetu, kile cha kuonyeshea video, hakijawahi kuleta kitu kama kile.

Ulipofika mjadala taa zikawashwa. Mdogo wangu akanyoosha mkono, mkalimani akamsemea: je, huyo binti angekuwa kiziwi, kwenye shule za bweni chache tulizonazo, mtoto angemwacha kwa nani? Watu kimya. Mwongozaji akakiri hakuwahi kuliwaza, akaja kukaa nasi, wakazungumza hadi jenereta likazimwa. Ni wapi pengine mdogo wangu angeulizwa maoni yake na mtu anayetengeneza filamu? Sijui. Ndiyo maana siwezi kuwaambia msiende.

Lakini yule kijana hakurudi hata kusema samahani, na nilipomtafuta mratibu nikaambiwa yuko na wageni.

Nyota nilipanga kutoa moja. Kwa ajili ya mwongozaji ziwe tatu. Hapana, mbili. Ya tatu apewe mama wa karanga.