HD 650 na ampu tatu nikiwa Dar: uzoefu wangu

Niseme mapema kwa wadau wanaouliza kama hedifoni za Sennheiser HD 650 zinakubali simu bila ampu, yaani kikuza sauti: zinakubali. Zinalia, haziungui, na mtu asiyezijua atakwambia mbona ziko poa tu. Suala la ampu linaanza pale unapofungua taarabu ya zamani iliyorekodiwa kwa sauti ndogo, feni ya dari iko namba tatu, na sauti ya simu umeshaipandisha hadi mwisho.

Zangu ni HD 6XX, yaani HD 650 ileile ya Sennheiser iliyotoka mwaka 2003, ila imepakwa bluu iliyokoza, waya wake umefupishwa, na ilikuwa inauzwa na duka la mtandaoni la Drop la Marekani kwa dola 200 na kitu. Alinibebea ndugu yangu aliyekuwa anarudi likizo. Ni hedifoni za mgongo wazi: nyuma ya spika kuna wavu tu, hewa inapita, sauti ya ndani inatoka na ya nje inaingia. Ndiyo maana muziki unasikika umetandazwa mbele yako badala ya kujazana katikati ya kichwa. Ndiyo maana pia bodaboda, jenereta ya jirani na muuza samaki wa asubuhi wote wanaingia kwenye wimbo bila kualikwa, na mke wangu akikaa pembeni anasikia kila ninachosikiliza. Hakuna ampu inayotibu hilo, ya bei yoyote. Kama nyumba yako ina makelele, tafuta zilizofungwa nyuma uishie hapo.

Kwa waliobaki, namba za kushika ni mbili. Ukinzani wa HD 650 ni omu 300, ambao ni mkubwa. Usikivu wake ni desibeli 103 ukizipa volti 1. Maana yake hedifoni hizi zinataka volti zaidi kuliko ampea. Kilele cha desibeli 110, ambacho ni sauti ya kuumiza ukiing'ang'ania, kinahitaji volti 2.2 hivi, na kwenye omu 300 hizo ni miliwati 17 tu. Miliwati, siyo wati. Nalirudia kwa sababu matangazo ya ampu yanapenda kuandika "WATI 1" kwa herufi za kuonekana toka ng'ambo ya barabara, halafu chini, kwa maandishi ya sisimizi, "kwenye omu 32". Wati moja kwenye omu 32 ni volti 5.7 hivi. Zipeleke volti hizohizo kwenye omu 300, unabaki na miliwati 107. Zinatosha na kuzidi, ila siyo wati.

Nilianza na adapta ya Apple ya USB-C, ile nyeupe ambayo kwao inauzwa dola 9. Usiicheke. Ndani yake kuna DAC, yaani kigeuzi cha data ya kidijitali kuwa sauti, na kiampu, na usafi wa sauti yake unaaibisha vitu vya bei kubwa. Toleo la Marekani, A2049, linatoa volti 1 hivi. La Ulaya, A2155, limebanwa kwenye nusu ya hapo. Kariakoo utakuta zote mbili zimechanganywa na feki ndani ya boksi moja, kwa hiyo soma maandishi madogo kwenye waya kabla hujatoa hela. Tena kwenye simu nyingi za Android hutoa sauti pungufu mpaka utumie programu ya muziki inayoishika USB yenyewe bila kupitia mfumo wa simu. Kwenye laptop yangu haikuwa na shida.

Kwa singeli na Bongo Fleva ya sasa, adapta hii inatosha kabisa. Nyimbo hizi zimekandamizwa studio mpaka wastani wake unakaribia dari, kwa hiyo volti 1 inakupa kelele za kutosha kukuharibia masikio ukiwa mzembe. Taarabu na dansi la zamani ni habari nyingine. Pale wastani unaweza kukaa desibeli 20 na ushee chini ya kilele, kwa hiyo ukifungulia mpaka mwisho unapata kama desibeli 80, feni nayo inadai sehemu yake. Ganuni inapoanza peke yake, zile nyuzi za kudonoa polepole, mkono unakwenda kuongeza sauti na hakuna pa kuongeza. Hapo ndipo nilipoona kwamba ampu siyo anasa kwa aina ya muziki ninaoupenda mimi.

Ya pili ni Atom ya JDS Labs, kampuni ya Illinois, Marekani. Ilitoka 2018 kwa dola 99, na ina historia ninayoipenda. Mwaka 2011 mhandisi mmoja aliyejiita NwAvGuy, jina lake halisi hakulitaja, alikerwa na ampu za bei mbaya zenye vipimo vibovu. Akabuni yake, akaiita O2, akagawa mchoro wake bure pamoja na vipimo vyote. Mwaka uliofuata akanyamaza na hakurudi tena. JDS Labs walikuwa miongoni mwa waliotengeneza O2 na kuiuza, na Atom ni mtoto wa fikra zilezile. Jamaa huyo ndiye aliyewazoesha wengi kanuni ya moja ya nane: ukinzani wa ampu upande wa kutolea sauti usizidi moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni. Kwa omu 300 unaruhusiwa mpaka 37. Atom iko chini ya omu 1, kwa hiyo inafaa kwa karibu chochote utakachochomeka.

Sauti yake? Sina mashairi ya kuisifia. Hakuna "shhh" nyuma ya muziki hata nobu ikiwa juu, besi haivimbi, sauti za juu hazichomi. Swichi ya geni, yaani ya kiwango cha kukuza sauti, ikiwa chini nafika karibu mwisho kwa rekodi tulivu, ikiwa juu nakaa nusu. Boksi ni la plastiki na ni jepesi mno. Pini kubwa ya 6.3 mm ukiisukuma kwa mkono mmoja, ampu nzima inarudi nyuma mpaka ukutani. Nimeibandika chini kwa gundi ya pande mbili na maisha yanaendelea.

Kinachostahili maneno mengi ni umeme wake, na wanaoagiza kutoka Marekani mnisikilize hapa. Chaja yake ya ukutani haitoi DC kama chaja ya ruta. Inatoa AC, volti 15 hivi, na ubadilishaji unafanyika ndani ya ampu. Toleo la kwao limetengenezwa kwa volti 120. Ukilichomeka kwenye 230 yetu, utasikia harufu kabla ya muziki. Nilipokwenda kutafuta mbadala, kijana wa duka la kwanza alinipa chaja ya DC.

"Bosi, pini si ileile? Inaingia hii."

"Inaingia, ndiyo. Soma hapo, inatoa AC au DC?"

Akageuza, akasoma, akacheka. "Hiyo ya AC labda uende kwa mafundi wa kusuka transfoma."

Na kweli, fundi wa kusuka ndiye aliyenitoa. Akasuka transfoma ndogo ya kuingiza 230 na kutoa 15, akaiweka kwenye kiboksi chenye fyuzi. Ni nzito kuliko ampu yenyewe na haijanisumbua. Wewe kama bado hujaagiza, omba toleo la 230 tangu mwanzo, au chagua ampu yenye pawa ya ndani inayokubali 100 hadi 240.

Halafu kuna mvumo. Laptop ikiwa kwenye chaja nilisikia ngurumo nyembamba masikioni, na nikigusa bodi ya chuma ya laptop inabadilika, inapanda au kukatika. Usiku kukiwa kimya inakera kweli. Wengi wakisikia hivyo wanailaani ampu na kuiuza. Chomoa chaja kwanza: mvumo ukifa papo hapo, ampu haina kosa. Mzunguko wa erthi ndio unaopita kwenye waya unaotoka kwenye laptop, au erthi hakuna kabisa kwenye ile ekstensheni yako. Yangu ilikuwa na matundu matatu kwa sura tu, waya wa erthi ndani haukufungwa popote. Nilipobadilisha ekstensheni, mvumo ulipungua hadi kiwango cha kutafutwa. Nikitaka kimya kabisa, naendesha laptop kwa betri.

Ya tatu siyo yangu. Rafiki yangu anayependa solda kuliko usingizi alijiundia Bottlehead Crack, ampu ya valvu (zile taa za kioo za kukuza sauti) inayokuja vipande vipande kwenye boksi: taa mbili, 12AU7 na 6080, bila transfoma ya kutolea sauti. (Ndani mna volti za kuua, kwa hiyo kama solda yako ni ya kubahatisha, achana nayo.) Aliniletea nyumbani akiwa na uso wa mtu aliyekwishashinda. "Kaka, ukisikia hii, hicho kiplastiki chako utampa mtoto."

Nilimkubalia kwa sharti moja, tusawazishe sauti kwanza, maana chenye sauti kubwa kidogo masikio hukiona kizuri siku zote. Tukapiga toni ya 400 Hz, hedifoni ikiwa imechomekwa, tukapima volti kwa multimita mpaka ampu zote zikalingana. Ndipo tukaanza kubadilishana.

Tofauti ipo. Kwenye dansi gitaa la besi lilinenepa, sauti ya mwimbaji ikakaa karibu zaidi, na akodiani ikapunguza ukali. Sababu siyo uchawi wa taa. Ukinzani wa Crack upande wa kutolea ni kama omu 120, mbali na ile kanuni ya moja ya nane. Na HD 650 hazina omu 300 kila mahali. Karibu na 100 Hz zinapanda hadi 500 hivi. Ampu yenye ukinzani mkubwa hupeleka volti nyingi zaidi pale ukinzani wa hedifoni unapopanda, na ukipiga hesabu unapata nyongeza ya desibeli 1 hivi kwenye besi. Ndicho tulichokuwa tunasikia kwa sehemu kubwa. Nyingine ni upotoshaji kidogo wa valvu ambao masikio huupokea kwa upole. Rafiki yangu hakupenda hesabu hiyo. Aliendelea kusema ni "roho".

Mimi niliipenda, na sitajifanya vingine. Kwa taarabu ya mikanda ya zamani iliyokauka, ile besi ya ziada ni dawa. Lakini ekwalaiza inanipa desibeli hiyo bure, na Dar mwezi wa pili sihitaji kitu mezani ambacho uzi wa taa moja tu, 6080, unakula wati 16 kugeuza kuwa joto hata muziki ukiwa umesimama. Ilirudi kwake jioni ileile.

Mwenye hedifoni za planari, zile zenye utando mpana bapa katikati ya sumaku, asichukue ushauri wangu wa HD 650 mzimamzima. HiFiMan Sundara zina omu 37. Ukizichomeka kwenye Crack, chini ya robo ya volti zinazotolewa ndizo zinazozifikia, nyingine zinaishia ndani ya ampu. Hizo zinataka ampea, na Atom inazimudu. Susvara za HiFiMan haohao ndizo za kutisha: omu 60, desibeli 83 kwa miliwati moja. Kilele kilekile cha 110 kinataka nusu wati, volti 5.5 na miliampea 90. Mtu aliyelipa maelfu ya dola kwa Susvara na kuzichomeka kwenye simu ndiye mwenye haki ya kulalamika kwamba hazina uhai. Kuhusu pini za balansi, zinazotenganisha nyaya za kila sikio, XLR na 4.4 mm, kazi yake kubwa ni kukuongezea volti kwenye ampu ileile. Kwa HD 650 kwenye Atom volti sijawahi kuziishiwa, kwa hiyo sijabadilisha waya.

Kwangu Atom ndiyo iliyobaki mezani, na adapta ya Apple nasafiri nayo. Hela niliyokuwa nimeitengea ampu ya valvu nimeagizia pedi mpya za Sennheiser zenyewe. Za sasa zimelala, sikio linakaribia kugusa spika, na hilo limebadilisha sauti kuliko tofauti yoyote niliyoisikia kati ya ampu hizi.