Makumbusho ya Lamu: tazama siwa, kisha ingia nyumbani

Makumbusho ya Lamu si ya nusu saa. Yapangie saa mbili: moja ya jengo kuu linalotazama bahari, nyingine ya Nyumba ya Mswahili, iliyo ndani ya mitaa, dakika chache kwa miguu. Chukua kitambulisho, maana kiingilio cha raia si sawa na cha mgeni, na uwe na pesa kwenye simu, kwani malipo hupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni.

Jengo kuu, nenda kwanza kwenye siwa, pembe kubwa za kupulizia. Ya Pate ni ya pembe za ndovu na inapita mita 2. Ya Lamu ni ya shaba. Sogea karibu utafute tundu la kupulizia: liko ubavuni, si nchani kama la tarumbeta. Hizi zilipulizwa kwa ajili ya watawala na kwenye harusi na tohara za wenye hadhi, na nakshi zake zinastahili dakika kumi nzima. Kisha tafuta mfano wa mtepe, jahazi la zamani la pwani hii. Chombo hiki hakikuwa na msumari. Mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lilikuwa mkeka wa miyaa iliyosukwa. Mishono ilipitisha maji, kwa hiyo mabaharia hawakuacha kufua maji, yaani kuyateka na kuyamwaga nje. Lakini kikigonga mwamba, kilinyumbuka pale ambapo cha misumari kingepasuka.

Nyumba ya Mswahili ndiyo inayovipa vyote hivyo maana, na kuikosa ni hasara kubwa. Inua macho: dari ni boriti za mikoko. Boriti haibebi upana mkubwa, ndiyo maana vyumba ni virefu lakini vyembamba, havifiki mita 3. Toka daka (ukumbi wa mlangoni) upite kiwanda (ua wa nyumba) na misana (vyumba virefu vinavyofuatana) hadi ndani kwenye zidaka, vishubaka vya ukutani vyenye nakshi; sakafu inapanda kidogo kidogo na faragha inazidi. Chooni, chungulia birika, yaani tangi la maji. Chini kabisa limezamishwa bakuli la kauri. Samaki wadogo walifugwa birikani ili wale viluwiluwi vya mbu, na maji yakipungua, bakuli liliwabakishia pa kuogelea.

Mchukue mwelezaji, bila yeye, zidaka utaziona matundu ya ukutani tu. Na usiende jioni: vyumba vya ndani hupata mwanga wake kutoka kiwandani, na jua likishuka, nakshi za chokaa hazionekani.