Windy kwa mwenye mtu Alps: review kutoka Malindi, nyota nne na nusu

Hapa Malindi Windy, ile programu ya ramani za hali ya hewa, kila mtu anaijua kwa upepo. Nahodha akitaka kujua kaskazi italegea lini anafungua Windy, wavuvi wa Mayungu wanafungua Windy, vijana wa kaiti kule Mambrui hawatoki bila kuicheki, kwa hivyo hiyo sehemu sina haja ya kuwaelezea. Mimi nataka kuisifu kwa kitu chengine ambacho sijaona mtu wa huku akikiandika, nacho ni theluji. Manake zile familia zenye mtu Italia hapa kwetu si chache, na wako vijana wetu wanaokwenda kufanya msimu wa baridi kwa mahoteli ya milima ya Alps, Livigno, Bormio, Cortina, kule Aosta, na huku nyumbani mama akiona kwa tivii magari yamefukiwa na theluji usingizi unakata.

Dadangu yuko huko. Anakaa Bormio, kazi yake ni hoteli Livigno, na kati ya hizo sehemu mbili kuna barabara ya karibu kilomita 40 inayopanda mpaka njia ya mlimani inaitwa Foscagno. Bormio iko mita 1225 juu ya bahari, Foscagno mita 2291, Livigno yenyewe mita 1816. Shikeni hizo namba tatu manake hii review yote inazunguka hapo. Hii Foscagno wanajitahidi kuiweka wazi baridi yote, si kama ile Stelvio ya jirani yenye mita 2757 ambayo inafungwa baridi nzima, lakini kuwekwa wazi si sawa na kuwa salama, na dadangu anaondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, huku kwetu ni saa moja asubuhi, mamangu ameshapika chai na anataka jibu.

Programu ya hali ya hewa iliyokuja na simu, na sitaitaja ni ya nani, inampa jibu la picha moja na namba moja. Livigno, wingu lenye vidoto vyeupe, nyuzi 3 chini ya sifuri, basi. Sasa hiyo inakusaidia nini? Haisemi theluji inaanzia kimo gani, haisemi Bormio anakotoka ni mvua au ni theluji, na njia ya juu ambayo ndo yenye hatari haipo kabisa kwenye hiyo picha. Mara nyingi nimeiona ikionyesha theluji na dadangu ananiambia huku ni mvua tupu, na mara nyengine kinyume chake. Mtu akitegemea hiyo anaishi na wasiwasi wa bure au na utulivu wa bure, na huo wa pili mimi ndo unaoniogopesha.

Windy inakupa kile kitu chenyewe, mstari wa sifuri. Kwenye menyu ya ramani kuna leya, yaani tabaka la ramani, inayoonyesha ni kimo gani hewa inafika nyuzi sifuri, na ukishajua kuisoma hiyo huwezi kurudi nyuma. Ibofye kwanza hapa kwetu uone. Malindi sifuri iko juu huko, karibu mita 5000 hivi, na haichezi sana mwaka mzima, ndo maana theluji ya Kenya iko vileleni mwa Mlima Kenya peke yake, Batian mita 5199, na kwengine kote hakuna. Sasa sogeza kidole mpaka Bormio mwezi wa kwanza. Leo sifuri iko mita 800, kesho kutwa ukivuma upepo wa kusini wenye joto inapanda mita 2000 na zaidi, halafu inaporomoka tena usiku. Hiyo kupanda na kushuka ndo habari yenyewe, sio ile picha ya wingu.

Na hapa nataka nieleze vizuri kwa sababu ndo watu wengi wanapotea. Theluji haiyeyuki palepale inapopita sifuri. Inaendelea kudondoka mita 200 au 300 hivi kabla haijawa maji, kwa hivyo Windy ikikuonyesha sifuri iko mita 1700 wewe hesabu theluji itafika mpaka mita 1400 au 1500. Chukua hiyo uweke kwenye barabara ya dadangu: Bormio mvua, vijiji vya mwanzo mvua au uji uji, halafu anapopanda ghafla ni theluji mpaka juu. Yaani ametoka nyumbani na waipa za mvua na barabara nyeusi, na baada ya dakika chache yuko kwenye weupe mtupu na kona. Mtu aliyeangalia namba ya Bormio peke yake hawezi kujua.

Kuna na kitu chengine ambacho leya haikwambii moja kwa moja lakini ukikijua unakiona. Ikinyesha kwa nguvu sana, na bonde ni jembamba, na upepo hakuna, ile theluji inayoyeyuka angani inanyonya joto la hewa, hewa inapoa, theluji inapata njia ya kushuka chini zaidi, wakati mwengine mita mia kadhaa chini ya ulivyotegemea. Kwa hivyo mimi nikiona sifuri mita 1700 na rangi ya mvua iko nzito usiku kucha, namwambia dadangu ajiandae na theluji mlangoni kwake. Na kinyume chake pia kipo, usiku mkavu usio na mawingu baridi inatuama chini bondeni na juu kunakuwa na joto kidogo kuliko chini, Livigno inajulikana sana kwa hiyo, inaweza kushuka mpaka nyuzi 20 chini ya sifuri huku theluji hakuna inayodondoka. Siku hizo hatari ni barafu tu barabarani, ile isiyoonekana.

Modeli sasa, yaani zile hesabu za kutabiri hali ya hewa. Windy yenyewe haitabiri, inachukua hesabu za watabiri wakubwa na kukuchorea, na uzuri wake ni kwamba inakuachia uchague. Kuna ECMWF ya Ulaya, kuna GFS ya Marekani, kuna ICON ya Ujerumani, kuna AROME ya Ufaransa. Hiyo ya Ulaya watu wanaisifu sana na inastahili, makao yake ni Reading huko Uingereza lakini mitambo ya kupigia hesabu iko Bologna, na mimi huwa nawaambia wageni wetu wa Kiitaliano hivyo wanafurahi. Lakini kwa milima lazima ujue kitu kimoja: kwenye Windy ECMWF inaona dunia kwa vipande vya kilomita 9, na ndani ya kilomita 9 za Alps kuna bonde, kijiji, msitu na kilele. Inakuwa kama umetandika blanketi zito juu ya magunia, vilele vinashuka na mabonde yanajaa. Bonde la Bormio kwa hiyo modeli linaweza kuwa juu zaidi kuliko lilivyo, ikapigiwa baridi ambayo haipo, ikaandikiwa theluji ambayo itashuka kama mvua.

Kwa hivyo nikiwa natazama siku tano sita mbele natumia ECMWF, kujua tu kuna kitu kinakuja au hakuna. Zikibaki siku mbili nahamia ICON-D2, ile ICON ya eneo dogo, ambayo vipande vyake ni kilomita 2.2, au AROME yenye kilomita 1.3, hizo mabonde zinayaona kweli. Hazifiki mbali, siku mbili hivi zimeisha, lakini kwa swali la kesho alfajiri kuna nini Foscagno hakuna kitu kinachozishinda. Kuna kitufe cha kulinganisha, ukibofya sehemu moja unaziona modeli zote zimepangwa moja juu ya nyengine, na hapo ndo napenda hii programu kuliko zote. Zikikubaliana namwambia mamangu kwa moyo mmoja. Zikipishana, hii inasema sentimita 5 na ile inasema 30, namwambia hivyo hivyo kwamba bado haijulikani, tungoje jioni. Programu zengine zinakuficha huo ubishi zinakupa namba moja kama imeandikwa mbinguni, na huo kwangu si uaminifu.

Leya ya theluji mpya nayo ni nzuri, unachagua muda, saa 24 au siku tatu au zaidi, inakuchorea sentimita. Isome kwa akili. Hesabu ya kawaida ni kwamba milimita moja ya maji inatoa kama sentimita moja ya theluji, lakini baridi ikiwa kali theluji inakuwa nyepesi na inajaa zaidi, na karibu na sifuri inakuwa nzito imelowa na kina chake ni kidogo, ila kwa tairi na kwa mti wa umeme hiyo nzito ndo mbaya zaidi. Zile namba za siku ya nane, ya tisa, ya kumi mimi sizitazami na wala simwonyeshi mamangu, zinabadilika kila zikihesabiwa upya.

Angalia na upepo, hapo sisi watu wa pwani tuna faida manake kusoma mishale ya upepo tumezoea. Upepo ukitoka kusini unabeba unyevu wa bahari, unagonga ukuta wa Alps unapanda unapoa unamwaga kila kitu upande wa Italia. Ukitoka kaskazini unamwaga upande wa pili, halafu unashuka huku ukiwa mkavu na wenye joto. Na Livigno ina mambo yake, iko Italia lakini mgawanyiko wa maji umeiacha upande wa pili, mto wake unaenda mpaka Danube na kuishia Bahari Nyeusi, kwa hivyo hutokea upepo wa kaskazini magharibi Livigno inapata theluji nzuri na Bormio chini kuna jua na upepo. Mtu anayejua kaskazi na kusi zinavyobadilisha bahari yetu hili analielewa upesi kuliko mtu wa Nairobi, nawaambieni.

Sasa ile nusu nyota niliyokata. Windy haikwambii maporomoko ya theluji. Inaweza kukuonyesha sentimita 60 za theluji mpya na upepo mkali juu, lakini kama hiyo theluji imeshikana na ya chini yake au inangoja kuteleza, haijui, na si kazi yake. Kwa hilo kuna taarifa rasmi za maporomoko, zina daraja 1 mpaka 5, na kwa upande wa dadangu zinatolewa na ARPA Lombardia, shirika la mazingira la mkoa huo, ambao kituo chao cha theluji kiko hapo hapo Bormio. Daraja la 3 watu wanaliona la kati wanapuuza, na si la kupuuza hata kidogo. Kijana wetu anayekwenda kule kufanya kazi, akialikwa siku ya mapumziko aende kuskii nje ya njia zilizotengenezwa, asifungue Windy akaona jua akaenda. Asome hiyo taarifa kwanza, na akiwa hajui awaulize wenyeji. Pia asisahau kwamba barabara nyingi za milimani Italia zinadai tairi za baridi au cheni kwenye gari kuanzia 15 Novemba mpaka 15 Aprili, hilo nalo kwenye Windy haliko.

Na msidhani theluji si mambo yetu. Sabrina Simader aliyeiwakilisha Kenya kwenye skii za Alps Olimpiki ya Pyeongchang 2018 ni mzaliwa wa Kilifi, kaunti yetu hii hii. Mwaka 2026 michezo ikawa Milano na Cortina, na Livigno na Bormio za dadangu zote zilipewa mashindano, ubao wa theluji Livigno, skii za wanaume Bormio. Malindi nzima ingejua kusoma mstari wa sifuri ingekuwa raha tu.

Upande wa matumizi: ile ramani inayotembea inakula bando, usiiache wazi, zima michoro ya upepo ukiwa unataka namba tu. Kwenye simu ndogo inakwama kidogo ukifungua leya nyingi. Kamera za mtandaoni zimo ndani yake, unabofya karibu na sehemu unaona picha ya sasa hivi, na mamangu hizo ndo anazozipenda, modeli hazitaki hata kuzisikia, anataka aone barabara kwa macho yake. Lakini lazima kuwe na kamera karibu na barabara, manake zengine ni za hoteli zinaonyesha vilele vizuri tu na barabara haimo.

Ya bure inatosha. Inakupa kila masaa matatu, ya kulipia inakupa kila saa moja. Kwa mvuvi wa hapa sioni sababu ya kulipa. Kwa sisi nililipa, kwa sababu mvua kugeuka theluji saa kumi au saa kumi na mbili alfajiri ni vitu viwili tofauti kwa mtu anayeondoka saa kumi na moja, na dadangu siku modeli zikikubaliana kwamba inageuka mapema anamwandikia mkuu wake usiku uleule anaomba alale Livigno, anakubaliwa.