Uzoefu wangu na hoteli za bei nafuu karibu na stesheni ya Termini, Roma

Hoteli ninayoizungumzia ni ya nyota mbili. Iko ghorofa ya tatu katika jengo la mtaa wa Castro Pretorio, mashariki ya stesheni kuu ya Termini. Jina silitaji, kwa sababu jengo hilohilo lina nyumba nyingine za wageni juu na chini yake, na njia za Palestro, Montebello na Magenta zimejaa majengo ya sampuli hiyo. Ukiifahamu moja, umezifahamu karibu zote. Hukumu yangu naitoa mapema: mtu anayetaka kuiona Roma kwa fedha za kuhesabu aanze kutafuta hapa, kabla ya mitaa ya Trastevere na Prati. Ila chumba kizuri hupatikana kwa kuuliza maswali kabla ya kulipa.

Mtaa huu ulijengwa baada ya 1870, Roma ilipogeuzwa kuwa mji mkuu wa Italia iliyoungana na watumishi wa serikali mpya wakahitaji pa kuishi. Majengo ni ya ghorofa tano au sita, kuta za nje ni nene, dari ziko juu. Lifti ziliongezwa baadaye, nyingi zikachomekwa kwenye uwazi uliokuwa katikati ya ngazi. Ndiyo maana ni finyu: begi kubwa likiingia, anabaki na nafasi mtu mmoja. Anayesafiri na mzee au mtoto wa kubebwa aulize mambo mawili. Je, lifti inafika hadi ghorofa ya hoteli? Na je, inaanzia usawa wa barabara, au kuna ngazi sita saba za kupanda kabla ya kuifikia? Picha za tovuti hazionyeshi hayo.

Fleti moja ya zamani imekatwa vyumba sita au saba. Ukuta unaokutenga na barabara ni wa matofali mazito, lakini unaokutenga na jirani ni wa mbao za jasi, na kikohozi chake utakisikia. Hilo huwezi kulikwepa. Unaloweza kuchagua ni upande wa dirisha. Omba chumba kinachoangalia uani, Waitalia husema *sul cortile*. Kina mwanga kidogo, lakini usiku huwasikii walevi, pikipiki wala gari la taka. Niliomba kwa ujumbe wakati wa kuweka nafasi na nikapewa bila nyongeza. Ukisubiri kuomba ukifika, vya uani huwa vimeshachukuliwa na wanaoujua mji.

Sasa hesabu. Bei ya chumba kwenye tovuti mara nyingi haina kodi ya jiji, ambayo hulipwa hotelini kwa kila mtu kwa kila usiku. Tangu Oktoba 2023 viwango vya Roma ni yuro 4 kwa hoteli ya nyota moja, 5 kwa nyota mbili, 6 kwa nyota tatu, 7.50 kwa nyota nne na 10 kwa nyota tano. Hosteli ni 3.50. Watoto chini ya miaka 10 hawalipi, na hesabu hukoma kwenye usiku wa kumi. Watu wawili kwa usiku tano katika nyota mbili ni yuro 50 juu ya bei ya chumba. Kama chumba ni yuro 70, basi 350 uliyoiona kwenye simu ni 400. Nyumba za vyumba vya kupangisha, zile ambazo si hoteli rasmi, nazo hutozwa kati ya yuro 5 na 7, kwa hiyo msemo kwamba ziko nafuu kwa sababu hazina kodi hauna ukweli. Baadhi ya wenye nyumba huomba kodi hiyo taslimu. Kadi wanatakiwa kuipokea, nawe dai risiti hata ukilipa noti.

Ukilipa kwa kadi ya benki ya nyumbani, mashine inaweza kukuuliza kama unataka kukatwa kwa shilingi au kwa yuro. Bonyeza yuro. Ukichagua shilingi, kiwango cha kubadilishia kinapangwa na upande wa mashine, na huwa kibaya kuliko cha benki yako.

Kwa Watanzania, Wakenya na wenzetu wengine wanaohitaji viza ya Schengen, namna ya kuweka nafasi ina uzito kuliko bei. Ombi la viza linataka uthibitisho wa malazi kwa usiku wote wa safari, pamoja na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, na hairudishwi ukikataliwa. Kawaida majibu hutoka ndani ya siku 15, ila sheria inaruhusu yafike hadi siku 45. Chukua bei inayoruhusu kughairi bure, hata kama imezidi ile isiyorudishwa kwa asilimia kumi au zaidi, na hakikisha tarehe ya mwisho ya kughairi iko baada ya siku unayotegemea majibu. Watu hupoteza fedha hapa: wanaona punguzo, wanalipa, viza inachelewa, na hoteli haina wajibu wa kurudisha hata senti.

Jambo la kadi halikomei hapo. Hata kwenye nafasi ya kulipa ukifika, hoteli huijaribu kadi yako, mara nyingi kwa kushikilia gharama ya usiku wa kwanza. Kadi ya kulipia kabla au ile ya mtandaoni inayojazwa kutoka kwenye simu, ikiwa tupu siku hiyo, jaribio linagoma na nafasi inaweza kufutwa. Weka salio la angalau usiku mmoja, uliache hadi utakapofika.

Kabla hujatuma fedha yoyote, tafuta kwenye tangazo namba ya utambulisho ya kitaifa, CIN. Kila nyumba ya wageni Italia inatakiwa kuionyesha kwenye tangazo na mlangoni. Ya Roma huanza na IT058091, maana 058 ni mkoa wa Roma na 091 ni jiji lenyewe. Tangazo lisilo na namba hiyo, au lenye namba ya kwingine huku likisema Roma, liache. Liangalie pia kwenye ramani. Manispaa ya Roma ina takriban kilomita za mraba 1,285, hivyo hoteli iliyo nje ya barabara kuu ya mzunguko inaweza kujiita ya Roma bila kudanganya, nawe ukaishia kupanda basi saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Mimi huweka mpaka kwenye ukuta wa kale wa mfalme Aurelian. Ndani ya ukuta ndiyo, nje ya ukuta iwe na stesheni ya metro mlangoni.

Ukuta huo una maana hata kwenye teksi. Kutoka uwanja wa ndege wa Fiumicino hadi mahali popote ndani yake, teksi nyeupe zenye leseni zina bei moja ya yuro 55, kwa gari zima na mizigo yake. Treni ya Leonardo Express ni yuro 14 kwa mtu na inafika Termini kwa dakika 32. Kwa hiyo mmoja au wawili wapande treni. Wanne watalipa 56 kwenye treni, basi teksi inawafaa zaidi na inawashusha mlangoni. Castro Pretorio iko ndani ya ukuta. San Lorenzo, mtaa wa jirani ambao pia una vyumba vya bei rahisi, uko nje. Kwa dereva tofauti hiyo ipo wazi, iwe wazi na kwako. Ipo njia ya nafuu zaidi: treni ya kawaida ya FL1 kwa yuro 8 hadi stesheni ya Tiburtina, kisha metro B kwa yuro 1.50, vituo vitatu hadi Castro Pretorio. FL1 haifiki Termini, na wengi hugundua hilo wakiwa wameshakaa kwenye kiti. Tiketi ya karatasi igongwe muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda. Mkaguzi hasikilizi maelezo ya mgeni.

Ukifika, tafuta namba ya mlango wenyewe, kwa sababu jengo moja linaweza kuwa na namba kadhaa, moja kwa kila mlango wa barabarani. Kwenye ubao wa kengele soma jina la hoteli pamoja na herufi ya ngazi, A au B. Ukipanda ngazi isiyo yako utafika ghorofa ya tatu sahihi ya upande usio sahihi. Pasipoti lazima itolewe: mwenye nyumba anatakiwa kupeleka taarifa za mgeni polisi ndani ya saa 24. Mapokezi ya hoteli ndogo hayakeshi, basi wanaotua usiku waandike saa ya kufika na waulize nyongeza ya kupokelewa kwa kuchelewa. Wanaotua alfajiri waombe kuacha mabegi tu. Chumba hutolewa saa nane mchana, na kuwabishia ni kupoteza asubuhi.

Chumbani, kitu cha kwanza kutazama ni hita ya maji. Ukiona tangi jeupe juu ya mlango wa bafu, soma kibandiko chake. Tangi la lita 50 lenye maji ya nyuzi 60, ukiyachanganya na ya baridi, hutoa kama lita 90 za kuogea, yaani dakika kumi hivi za bomba lililofunguliwa. Watu wawili waoge kwa zamu, mmoja jioni, mmoja asubuhi. Hoteli hii ina boila ya pamoja na maji hayakuisha, na kwangu hiyo ni alama kubwa. Bafu halina dirisha. Feni yake inawaka pamoja na taa, hivyo iache taa dakika kumi baada ya kuoga, vinginevyo taulo halikauki na chumba kinanuka unyevu.

Waliozoea kutumia maji chooni watafurahi. Nyumba za Italia zinatakiwa kuwa na bideti, beseni la chini la kujisafishia, tangu 1975, na vyumba vilivyotokana na fleti za zamani vingi bado vinayo. Baadhi ya wenye hoteli wameing'oa ili kupata nafasi, basi itazame kwenye picha.

Umeme ni volti 230 kama wa kwetu, hivyo hakuna haja ya transfoma. Plagi yetu ya pini tatu bapa haiingii. Nunua adapta nyembamba ya pini mbili za mviringo, ile inayoingia karibu kila soketi ya Italia. Adapta nene ya Kijerumani haiingii kwenye soketi za kienyeji zenye matundu matatu yaliyopangwa mstari mmoja. Na kwenye nyumba za wageni ambazo bado zina mkataba wa umeme wa nyumbani, kiwango cha kawaida ni kilowati 3 kwa fleti nzima. Hita ya maji ikiwa inafanya kazi, birika likiwashwa na mtu akachomeka pasi, swichi kuu inajizima na vyumba vyote vinaingia gizani. Uliza mapema iko wapi.

Anayekuja kuanzia Novemba ajue kwamba vipasha joto mara nyingi haviwashwi kwa matakwa ya mgeni. Hoteli zimesamehewa na sheria, lakini iliyo ndani ya fleti mara nyingi hutegemea vya jengo zima, na majengo ya makazi ya Roma yanaruhusiwa kuviwasha kuanzia 1 Novemba hadi 15 Aprili, si zaidi ya saa 12 kwa siku, na si kati ya saa 5 usiku na saa 11 alfajiri. Usiku wa manane chumba hupoa, na mpokezi hakunyimi kwa ubaya. Omba blanketi la pili mchana. Mwishoni mwa Oktoba na mwishoni mwa Aprili ndiyo mitego: baridi ipo, vipasha joto vya jengo mara nyingi vimezimwa kisheria.

Kifungua kinywa hapa ni kuponi ya baa iliyo chini: kahawa na kornetto moja, yaani mkate mtamu wa umbo la mwezi mwandamo. Kwangu inatosha, ila usiilipie zaidi ya bei iliyobandikwa ukutani. Kunywa ukiwa umesimama kaunta, kwa sababu ukikaa mezani bei inaweza kupanda. Kwa Waislamu, uliza kama kornetto haina mafuta ya nguruwe, *senza strutto*, maana baadhi ya viwanda huyatia. Upande wa pili wa stesheni, Esquilino, soko la karibu na Piazza Vittorio lina mabucha ya halali, mchele, bamia na viungo vya kutosha. Maji usinunue. Mabomba ya chuma ya mitaani yanafika 2,500 hivi, na yanatiririsha maji safi ya kunywa mchana na usiku.

Colosseum ni vituo viwili vya metro B kutoka Termini, na Vatican ni vituo sita vya metro A hadi Ottaviano. Basi namba 64 linaloelekea San Pietro lina sifa mbaya ya wezi wa mifukoni. Begi liwe mbele, simu mkononi.

Kuhusu kuondoka, angalia siku mbili kabla kama kuna mgomo. Italia migomo hutangazwa mapema, na mingi huangukia Ijumaa. Metro na mabasi ya Roma siku ya mgomo huhakikishwa hadi saa 2:30 asubuhi, kisha tena kuanzia saa 11 jioni hadi saa 2 usiku. Ndege yako ikiwa ya mchana, usitegemee FL1 na metro siku hiyo. Toka mapema ndani ya muda uliohakikishwa, au mwombe mpokezi akuitie teksi jioni ya kuamkia safari, akuandikie na namba ya gari.