Bibi na Jani la Sale: Kazi ya Karakana Moja ya Uchoraji Moshi

Karakana hii ya Moshi mjini huchora picha za watu kwa rangi za mafuta juu ya turubai, na kazi ninayoitathmini ni picha ya bibi yetu mzaa baba, ambayo ukoo uliiagiza ili itundikwe sebuleni kule kihambani, kwenye shamba la ukoo. Mchoraji alipewa picha za kamera, lakini kabla ya kushika brashi alitaka kuelezwa bibi alikuwa mtu wa namna gani, nani alimwogopa na nani alimkimbilia.

Majibu aliyopewa yanaonekana usoni. Mdomo umefumbwa kwa ukali wa mtu aliyezoea kusikilizwa, ilhali macho, yenye doa dogo la mwanga karibu na kope za juu, yanaelekea kucheka. Ukiufunika mdomo kwa kiganja unamwona bibi mpole, na ukiyafunika macho unamwona yule aliyetufukuza jikoni. Upande wa kivuli haukupakwa nyeusi bali kahawia yenye wekundu, na ndiyo maana huzuni iliyomo haikuwa ya msibani.

Mkononi ameshika jani la sale. Mchagga hahitaji kufafanuliwa, kwani ndilo linalopelekwa kuomba msamaha, na anayepelekewa huona vigumu kukataa. Jan van Eyck, mchoraji wa kale wa Ulaya, alipochora mwanamume na mwanamke chumbani mwaka 1434, aliweka mbwa mdogo miguuni pao, na wengi humsoma mbwa huyo kuwa alama ya uaminifu. Sale ya bibi ina uzito wa aina hiyo, ila inaleta swali zaidi: anaomba msamaha, au anaupokea? Kiganja kimechorwa nusu wazi, baba zetu wadogo bado wanabishana, na hapo ndipo ninapompa mchoraji alama za juu kabisa.

Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iliyowekwa nyuma yake, kinyume chake, ni pambo la kuuzia watalii. Theluji ilishindana na weupe wa kilemba na kulivuta jicho mbali na uso. Tulipolalamika, aliifunika kwa ukungu bila kudai nyongeza.

Fremu ya mninga imeungwa vizuri. Kazi ilichelewa kupita ahadi, kwa sababu rangi za mafuta hukauka polepole na mchoraji hakututahadharisha, hivyo anayeitaka kwa ajili ya harusi au kipaimara aagize mapema, na asiipokee ikiwa bado inanata kidoleni.