Spika Tano na Sabufa: Mfumo wa Sinema ya Nyumbani kutoka Duka la Mwanga, Kigoma

Mfumo huu wa 5.1, nilioununua katika duka moja la vifaa vya umeme lililopo Mwanga, mjini Kigoma, una spika tano, sabufa moja (spika ya besi) na amplifaya. Boksi limepambwa kwa wati nyingi, lakini hizo ni za PMPO, yaani kilele cha nguvu ambacho spika haiwezi kukidumisha. Wati za RMS, yaani nguvu inayoweza kudumishwa, ambazo ndizo za kumwuliza muuzaji, zimeandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya amplifaya.

Kilichonifurahisha zaidi ni spika ya kati. Filamu iliyorekodiwa kwa njia sita za sauti, moja kwa kila spika pamoja na sabufa, hupitisha sehemu kubwa ya mazungumzo hapo, na kwa kuwa njia hiyo inajitegemea, rimoti inaweza kuiongezea sauti bila milipuko na muziki kupanda pamoja nayo. Katika nyumba zetu za bati, ambamo mvua ikishika humsikii hata uliyeketi naye kochi moja, uwezo huo una thamani kuliko wati zote za kwenye boksi.

Sabufa ina nguvu ya kutosha sebule ya kawaida, ila haitaki kubanwa kwenye pembe. Ukiisukuma huko, ukuta wa saruji huirudisha besi mpaka glasi za kabatini zinagongana. Ukiivuta mbele kidogo, mvumo unapungua. Waya za spika za nyuma ni fupi, jambo linaloudhi.

Dosari kubwa naihesabu kwa duka, si kwa chombo. Fundi wao aliunganisha runinga kwa waya nyekundu na nyeupe, ambazo hubeba njia mbili tu, kushoto na kulia, kwa hiyo spika za nyuma zilikuwa zikirudia yaleyale ya mbele, naye akayaita hayo sinema. Amplifaya hii ina tundu la HDMI lenye alama ya ARC, utaratibu wa kurudisha sauti ya runinga kwenye amplifaya uliokuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, na runinga nyingi za kisasa zinalo pia. Waya wake haumo kwenye boksi, nao hununuliwa kando. Baada ya kuuchomeka, kwenye mipangilio ya runinga sauti iondolewe kwenye PCM, ambayo hapa hupitisha njia mbili, na kuwekwa Dolby Digital, inayobeba zote sita, la sivyo utaendelea kupata njia mbili.

Kwa mpenzi wa filamu, nausifu mfumo huu. Anayetaka muziki wa sherehe uani atafute spika kubwa mbili, na yeyote kati yao asisahau stabilaiza, maana umeme ukipanda ghafla amplifaya ndiyo huungua kwanza.