Ampilifaya ya kelele ndogo ya kurekodia kwaya: ununue ipi?

Waya wa maikrofoni ukipita karibu na nyaya za stima, kwaya yote inarekodiwa na mvumo wa hezi 50 chini yake. Wengi tunaorekodi makanisani hapa Kisumu tunaujua. Ampilifaya ya tofauti kamili (chipu inayokuza tofauti kati ya nyaya mbili za maikrofoni) inasaidia sana kuuondoa: ina njia mbili za kuingiza na mbili za kutoa, ishara ikipanda huku inashuka kule, na mvumo ulioingia nyaya zote mbili sawasawa unafutana.

Lakini kabla ya chipu yenyewe, nunua rezista, vile vijenzi vidogo vya kuzuia mkondo vinavyoizunguka. Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Rezista ya omu 1,000 ina kelele yake, yaani mchakacho inaoutoa yenyewe, ya nanovolti 4 hivi kwa mzizi wa hezi (kipimo cha kelele; ikiwa ndogo ni bora); ya omu 10,000 inakaribia 13. Chipu tulivu iliyozungukwa na rezista za 10,000 ni pesa uliyotupa.

Mimi niliagiza za 1,000 kutoka Nairobi, nikaletewa bahasha iliyoandikwa 1K. Nilizichomea zote nne, nikavaa hedifoni, nikasikia mchakacho kama mvua juu ya mabati. Ndani ya bahasha zilikuwa za 10,000. Thamani ya rezista husomwa kwa pete za rangi mwilini mwake, na aina zote mbili huanza kwa pete ya kahawia, nyeusi, nyeusi. Ni pete ya nne inayozitenganisha, kahawia kwa 1,000 na nyekundu kwa 10,000, na chini ya taa ya usiku rangi hizo zinafanana mno. Zipime kwa mita kabla ya kuzichomea. Chukua zenye kosa lisilozidi asilimia 0.1 ukiweza, maana pande mbili zisipolingana mvumo unarudi.

Sasa chipu. Kwa kinasa cha betri, ya kwanza kwangu ni THS4551: kelele ya nanovolti 3.3, na inakula miliampia 1.37 tu. Tabu yake ni miguu iliyosongamana, milimita 0.65 kati ya mmoja na mwingine. Ikiwa mkono wako bado haujazoea, nenda kwa ya pili, ADA4940-1 ya miguu minane mipana, nanovolti 3.9, na kwa rezista hizo za 1,000 sikio halitaona tofauti.

OPA1632 ndiyo tulivu zaidi kati ya hizi tatu, nanovolti 1.3, na ilitengenezwa kwa ajili ya sauti. Inakula miliampia 14, kwa hiyo nimeiweka ya tatu. Ukiwa na studio yenye stima ya uhakika, ipandishe iwe ya kwanza.